Saini Chini ya Onyo

"Ni yangu," alisema konstebo.

Naam, msomaji. Wiki nzima umengoja jibu hilo, na hilo ndilo jibu. Wakili wa mshtakiwa alikuwa amemwekea karatasi mbele ya macho na kumuuliza saini iliyo chini yake ni ya nani. Konstebo aliitazama mpaka watu wakaanza kukohoa, kisha akakubali kuwa ni yake.

Upande wa mashtaka ulishusha pumzi. Mwendesha mashtaka alijiegemeza kwenye kiti kama mtu aliyekwisha kula na kushiba. Ile karatasi ilikuwa fomu ya onyo, na ilisema kwamba Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, kabla hajaulizwa lolote, mtuhumiwa alielezwa kuwa ana haki ya kunyamaza na haki ya kumwita wakili au ndugu. Chini yake kulikuwa na saini tatu: ya mtuhumiwa, ya Inspekta aliyemhoji, na ya shahidi aliyesikia kwa masikio yake.

Shahidi huyo ndiye konstebo wetu. Kituoni walimwita Bi Saa. Alikuwa mtunza kitabu cha kaunta, na kila aliyeingia na kila aliyetoka alimwandikia saa na dakika. Wenzake walimtania kwamba hata kunguru akitua juu ya paa la kituo, Bi Saa ataandika katua saa ngapi.

Na aliyeuawa alikuwa mjomba wake.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Mlinzi wa ghala la dawa, aliyekutwa amepigwa na kitu kizito siku ya Jumapili mchana, alikuwa kaka wa mama yake Bi Saa, ndugu tumbo moja. Ndiye aliyemlea Bi Saa baba yake alipofariki. Alimpeleka shule siku ya kwanza akiwa amemshika mkono, na alikaa mstari wa mbele siku alipohitimu mafunzo ya polisi, akipiga makofi hata pasipostahili.

Kizimbani alikaa Fundi Kufuli, mtu mfupi mwenye vidole vilivyojaa makovu ya tupa. Alikuwa amekiri. Ungamo lake la kurasa nne lilieleza jinsi alivyovunja kufuli la ghala, akakutwa na mlinzi, akampiga. Sasa alikana kila neno. Alidai alihojiwa siku mbili bila kuambiwa kuwa anaweza kunyamaza, na aliweka saini ili wamwache alale. Kesi kubwa ikasimama kwanza ili jaji aamue jambo moja tu: ungamo lile lipokelewe, au litupwe.

"Umesema saini ni yako," wakili aliendelea. Alikuwa mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti. "Na kitabu hiki?"

Aliweka mezani kitabu cha kaunta, kile kikubwa chenye jalada jeusi. Bi Saa alijua kimefunguliwa ukurasa gani kabla hajautazama.

Wakili alisoma mstari mmoja kwa sauti. Jumanne, Inspekta ametoka kituoni saa tatu na dakika tano, amekwenda chumba cha maiti. Akashuka chini kidogo, akasoma mwingine. Inspekta amerudi saa sita kasoro dakika kumi.

Akakifunga kitabu na kuuliza, kwa upole ule ule, mtu aliye chumba cha maiti anawezaje kumsomea mtuhumiwa haki zake kituoni saa tatu na robo.

Mwendesha mashtaka aliruka juu kabla swali halijakauka. Alidai kitabu hakikuwa kwenye orodha ya vielelezo na upande wake haujakikagua. Jaji, mama wa makamo aliyefunga miwani yake kwa kamba shingoni, alitazama saa, akatoa nusu saa kila upande ukague kitabu. Shahidi asiondoke eneo la mahakama.

Nusu saa. Wapo waliopoteza maisha yao kwa muda mfupi kuliko huo.

Bi Saa alitoka akaelekea kwenye bomba la maji nyuma ya jengo. Alikuwa hajamaliza kunawa uso alipoona viatu vyeusi vinavyong'aa kando yake.

Inspekta alikuwa na jina lake pia. Walimwita Sumaku, kwa kuwa maungamo yalimfuata yenyewe. Miaka kumi na moja, na hakuna kesi yake hata moja iliyokosa karatasi ya kukiri. Hakuwa mtu wa kufoka. Alimpa Bi Saa leso yake ajifute, akamuuliza hali ya mama, kisha ndipo akasema lililomleta.

Alisema kalamu hukosea. Mtu ana foleni ya watu kaunta, simu inalia, anaandika saa tatu badala ya saa nne. Kosa la kalamu si dhambi. Atamke hivyo tu, aombe radhi kwa jaji, na mambo yatakwisha.

"Na ukitaka kusema vingine," aliongeza, "kumbuka fomu ile ina jina lako. Mimi nitasema nilikuta umeshaisaini."

Bi Saa alikumbuka vizuri mno ile Jumatano, siku ya pili ya mahojiano. Ungamo lilikuwa limeandikwa tangu saa nne asubuhi. Saa tisa alasiri Inspekta alikuja kaunta na fomu ambayo wino wake ulikuwa bado mbichi, tarehe imerudishwa nyuma siku nzima, akamwambia aweke saini. Alipositasita, Inspekta aliinama karibu na sikio lake. "Hii ni kwa ajili ya mjomba wako," alimwambia. Naye akasaini, na kusema kweli mkono haukumtetemeka.

Aliporudi ukumbini alimkuta mama yake mlangoni. Tangu msiba, mama alikuwa amekonda hadi nguo zikawa kama za kuazima. Alimvuta binti yake pembeni, penye benchi.

Mama hakujua habari za fomu wala saa. Alijua kitu kimoja, kwamba kuna mwanamke mwembamba anayetaka kumtoa muuaji wa kaka yake, na kwamba njia yake inapita kwenye kinywa cha mwanawe. Akamwambia Bi Saa kwamba haombi aseme uongo. Anaomba asiseme mengi.

"Mama, kama hakuambiwa haki zake je?"

"Kaka yangu aliambiwa zake?" mama alimjibu.

Kengele ikalia. Bi Saa aliingia huku miguu ikimwambia arudi.

Wakili hakupoteza muda. Alirudia swali lake, safari hii kwa mkato. Je, shahidi alikuwapo mtuhumiwa aliposomewa haki zake? Kama hakuwapo, kwa nini aliweka saini kuwa alikuwapo?

Bi Saa alifungua kinywa.

"Subiri," alisema jaji.

Ukumbi mzima ukageuka. Jaji alivua miwani, ikaning'inia kifuani. Alimtazama shahidi kwa muda, si kwa ukali, na alipozungumza alizungumza polepole kama anayemwonyesha mgeni njia.

"Konstebo, kabla hujajibu, ni wajibu wangu kukueleza. Swali hili linaweza kukutia hatiani wewe mwenyewe. Hulazimiki kulijibu. Ukilijibu, unayoyasema yataandikwa na yanaweza kutumika dhidi yako. Ukitaka kuzungumza na wakili kwanza, mahakama itakungoja. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mheshimiwa."

Lakini alikuwa ameelewa zaidi ya alivyosema. Kwa mazoea macho yake yalikwenda kwenye saa ya ukutani. Jaji hakuwa ametumia hata nusu dakika. Maneno machache, tena ya kawaida, na ghafla alijisikia kama mtu aliyekuwa akisukumwa ukutani kisha akaachiwa. Aliweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemgusa. Aliweza kushuka pale, akamtafuta wakili, akalala nyumbani kwake, akarudi kesho na maneno yaliyopangwa.

Alimtazama Fundi Kufuli. Yule bwana alikaa siku mbili kwenye chumba kisicho na dirisha, na kwa siku zote mbili hakuna aliyempa ile nusu dakika.

Alimtazama mama yake. Mama alitikisa kichwa, kidogo sana.

"Nitajibu," Bi Saa alisema.

Na akajibu. Alieleza fomu ililetwa lini na nani, ikiwa na tarehe gani. Alieleza kwamba hakusikia haki yoyote ikisomwa, Jumanne wala Jumatano. Akaongeza ambalo hakuna aliyemuuliza: kwamba Jumanne saa sita mchana mke wa Fundi alifika kaunta akiwa na chakula, akamtafuta mumewe, naye Bi Saa, kwa amri ya Inspekta, alimwambia hayupo. Mdomo wake ulisema hayupo. Mkono wake uliandika kitabuni: mke wa mtuhumiwa amefika, ameambiwa hayupo. Wakikitazama watauona mstari huo.

Wakili alimuuliza kwa nini alisaini.

Ilibidi aanze mara mbili.

"Nilitaka afungwe," alisema. "Niliamini ni yeye. Niliona mtu kama huyo hana haki ya kusomewa kitu."

Mwendesha mashtaka alijaribu kumtikisa. Alimuuliza kama ana ugomvi na Inspekta, kama amewahi kunyimwa cheo, kama anajua kuwa kwa maneno hayo amejifukuzisha kazi mwenyewe. Kwa la mwisho alijibu kwamba analijua.

Saa nane mchana jaji alirudi na uamuzi. Ulikuwa wa ukurasa mmoja na nusu, na kwa waliokuja kutafuta kelele, haukuwa na kelele.

Alisema mahakama ya rufaa ilikwisha kuliamua jambo hili, na si mara moja. Mtu aliye mikononi mwa polisi aelezwe haki zake kabla hajafungua kinywa, si baada ya kukifunga. Alisema hapo mahakama haiulizi kwanza kama ungamo ni la kweli. Inauliza limepatikanaje. Maana siku polisi watakaporuhusiwa kuruka onyo kwa mtu wanayemwamini kuwa mwovu, hakuna raia atakayejua yeye ni wa kundi gani mpaka mlango umefungwa nyuma yake.

"Ungamo hili halipokelewi," alimalizia.

Mke wa Fundi, aliyekuwa amekaa mstari wa mwisho, aliinamisha uso magotini. Fundi mwenyewe hakusogea. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ambayo hajaisikia muda mrefu.

Usidhani aliachiwa. Mwendesha mashtaka aliomba siku saba atafute ushahidi mwingine, akapewa mbili. Wakili aliomba mteja wake asirudishwe kituo kile hata kwa dakika moja, na jaji akakubali. Aliamuru apelekwe gereza la mahabusu moja kwa moja, asihojiwe na mtu yeyote bila wakili wake kuwapo. Kisha akafanya jambo lililowashangaza wengi. Aliagiza mtunza kitabu aandamane na mshtakiwa, aandike saa ya kutoka mahakamani na saa ya kufika gerezani, na asubuhi kitabu kiletwe mezani kwake.

"Adhabu yako, konstebo, itakuja na wenye mamlaka nayo," alimwambia. "Leo mahakama bado inahitaji kalamu yako."

Nje, mama alikuwa akimngoja. Bi Saa alijiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Angeshukuru kupata kofi. Mama alimtengeneza kola ya sare iliyokuwa imekunjika, kama alivyozoea kufanya kila asubuhi, kisha akaondoa mkono.

"Leo umemzika kaka yangu mara ya pili," alisema, "na safari hii peke yako." Akashuka ngazi akishika ukuta, wala hakugeuka.

Bi Saa alibaki na kitabu kifuani. Hakulia. Kilio kilikuwapo, ila kilikuwa mbali, kama mvua inayoonekana mtaa wa pili.

Karani wa mahakama alikuja kumwambia kwamba gari la magereza lilikwisha kuondoka na mahabusu wa asubuhi, kwa hiyo polisi watatoa pikapu yao. Wakili alikuwa ametangulia kwa gari lake, atawangoja kwenye geti la gereza. Fundi alipandishwa nyuma, chini ya turubai, akiwa na pingu. Bi Saa alikaa benchi la pili mkabala naye, akaandika: kutoka mahakamani, saa tisa na dakika nane.

Alipoinua macho alimwona anayepanda mbele, kando ya dereva. Viatu vyeusi, vinang'aa. Inspekta alimwambia karani kwamba askari ni wachache leo, atamsindikiza mwenyewe. Hatamhoji. Amri ya mahakama ameielewa.

Pikapu ikaondoka.

Mwanzoni Fundi aliangalia barabara ikikimbia nyuma yao. Walipopita mzunguko wa kwanza, alisogea mpaka magoti yao yakakaribiana, na injini ikameza sauti yake kwa wengine wote.

"Dada," alisema, "kufuli la ghala halikuvunjwa ili mtu aingie."

Bi Saa alimkodolea macho. Kufuli lililovunjwa lilikuwa ukurasa wa kwanza wa ungamo. Kila mtu aliliona.

Fundi alieleza haraka, kwa sentensi fupi. Aliitwa Jumapili ile kubadilisha kufuli. Aliyemwita ni mjomba mwenyewe, alimwambia kuna mtu ana ufunguo wa bandia na dawa zinapungua. Mjomba alimfungulia mlango kwa mkono wake. Ndani alikuwapo bwana mmoja, wanabishana. Mjomba alikuwa akisema kesho yake ataripoti, potelea mbali. Fundi alifunga kufuli jipya, akakabidhi funguo, akaondoka. Alimwacha mjomba yu hai, tena mjomba ndiye aliyemsindikiza mpaka barabarani. Lile kufuli lililovunjwa ni hilo jipya alilolifunga yeye, na limevunjwa baada ya yeye kuondoka, ili ionekane aliingia mwizi.

Bi Saa aliuliza kwa nini hakusema hayo tangu siku ya kwanza.

"Ningemwambia nani? Aliniambia nikitamka nilichokiona, mke wangu atalala rumande. Hata wakili sijamwambia. Niliona kwanza ile karatasi ife. Nani angemsikiliza muuaji aliyekwisha kukiri?"

"Aliyekuambia hivyo nani?"

Fundi hakuinua mikono iliyofungwa. Alisogeza kidevu tu, kuelekea mbele ya gari, kwenye kichogo kilichokuwa kikionekana nyuma ya kioo.

Mambo mengi yalimjia Bi Saa kwa pamoja. Kwa nini mtu huyu alinyimwa wakili. Kwa nini mkewe alifukuzwa kaunta. Kwa nini Inspekta, mtu wa miaka kumi na moja kazini, alitaka maneno kabla ya jua kuzama siku ya pili. Haikuwa haraka ya kazi. Wakili angekaa kwenye kile chumba, Fundi angetaja jina, na jina lenyewe lilikuwa limekaa upande wa pili wa meza likishika kalamu.

Naye mwenyewe alikuwa ameliwekea saini.

Walifika njia panda. Bi Saa aliijua njia hiyo kama kiganja chake, amesindikiza mahabusu humo mara zisizohesabika. Gereza lilikuwa kushoto, mwendo wa dakika nne, na getini palikuwa na mwanamke mwembamba anayetazama barabara.

Dereva alipunguza mwendo. Inspekta alimnong'oneza kitu. Dereva akamtazama, kama anayetaka aambiwe tena, kisha akazungusha usukani.

Pikapu ikakata kulia.

Lami iliisha, vumbi likaanza kuingia chini ya turubai. Fundi alifumba macho. Bi Saa alikipakata kitabu, akaikamata kalamu, na hakuweza kukumbuka ni saa ngapi.

Kile kioo cha nyuma kilifunguliwa kwa ndani. Mkono uliingia, kiganja juu, ukangoja.

"Konstebo," alisema Inspekta bila kugeuza kichwa, "hebu nipitishie hicho kitabu."